Rangi Mbichi

Mtaani walimwita Mistari, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kupaka rangi vivuko vya barabarani, na mdomo wake haukuwa na breki. Ukivuka nje ya zebra mbele ya macho yake, uwe na mkokoteni, uwe na baiskeli, uwe na suti na tai, utaoshwa hadharani. "Sheria ya barabara si ya madereva peke yao!" angefoka. "Una miguu? Basi inakuhusu!" Na ole wako ukikanyaga rangi yake kabla haijakauka. Mama yake mzazi alizijua amri hizo mbili kuliko mtu yeyote, maana alizisikia kila jioni.

Siku aliyomkuta mama huyo wodini, mguu umefungwa plasta mpaka pajani, hata shikamoo hakutoa. Kando ya kitanda alisimama trafiki, kalamu mkononi.

"Dada, dereva aliyemgonga alikuwa anaenda kasi, hilo halina ubishi, tutamshtaki," alisema trafiki. "Lakini mama naye alivuka nje ya kivuko. Sheria inambana kila mtu. Nitaandika kwamba na yeye ana kosa."

Mistari alimgeukia mama yake, hasira imempanda mpaka kichwani.

"Mama! Nimesema mpaka ulimi umeota sugu! Zebra iko palepale mbele ya soko, nimeipaka mwenyewe leo asubuhi. Ulikuwa unaikwepa uende wapi?"

"Ndiyo hiyohiyo, mwanangu," mama alijibu taratibu. "Ilikuwa bado mbichi. Nilikuona ulivyoinama juani na huo mgongo wako. Ningeikanyagaje?"

Mistari alikaa ukingoni mwa kitanda. Alitaka kulia, lakini hasira ilikataa kupisha. Asubuhi ile alikuwa amehamia kivuko cha mbele, kama kawaida ya kazi, akimwachia mtu wa bendera kivuko kibichi. Huyo ndiye wa kusimamisha magari na kuwavusha watu pembeni mpaka rangi ikauke. Ndivyo sheria inavyotaka. Na alikuwa wapi?

"Andika mama alivuka nje ya zebra," alisema hatimaye. "Ni kweli. Kisha andika kwamba kivuko kilikuwa kimefungwa, na mtu wa bendera hakuwepo. Msimamizi wetu alimtuma akamwoshee gari, nilimwona na ndoo."

Trafiki aliishusha kalamu. "Dada, fikiri vizuri. Huyo ndiye anayekupa kazi. Akisikia umesema wewe, kesho huna kibarua."

"Baba yangu, andika!" Sauti yake iliwaamsha wagonjwa wodi nzima. "Mama yangu amevunjika mguu akiitunza rangi yangu, na kosa umempa. Na huyo mwenye gari safi mpe la kwake!"