Sauti Nyuma ya Mbao

Nyumba za mbao za mtaa wa Ndosho hazifichi kitu. Ukikohoa, jirani anakupa pole. Ndani ya nyumba ya namna hiyo, ambayo mume wake Assumani, fundi mbao, aliigongelea misumari kwa mkono wake, Mwavita aliishi miaka mingi akinong'ona Kurani kama mwizi.

Si kwamba hakujua kusoma. Wee! Alizaliwa watu wakikimbia vita, ndiyo maana ya jina lake, na baba yake, muzee wa Kasongo, alimfundisha Kurani mapema ili awe na kitu ambacho hakuna mutu wa kumpora. Alisoma kwa sauti huko Kasongo, wapita njia wakasimama. Lakini mara tu baada ya ndoa, Assumani alirudi kutoka msikitini na hukumu: mwanamke akisoma, wanaume wa kando wasimsikie. Mwavita akajitetea kwamba kuna wanazuoni wanaokataza kulegeza sauti kwa madaha tu, siyo sauti yenyewe. Assumani akajibu kwamba wasomi wakibishana, wadogo kama wao washike lililo salama. Na jirani yao Papa Kamate, Mkatoliki wa Butembo, kitanda chake kilikuwa upande wa pili wa ubao wa ukuta wao.

Basi Mwavita aliogopa, akaogopa kweli. Hata Assumani mwenyewe, ambaye sauti ile ilikuwa halali yake, hakuwahi kuisikia.

Januari ile vita vilipoingia mjini, bomu lilianguka njiani wakati Assumani anapigilia ubao kwenye dirisha. Chuma kilimwingia tumboni, na mlio ukamuulia masikio, asisikie tena sauti ndogo. Kamate na shemeji yake Bagalwa walimbeba ndani wakabaki humohumo, kwa sababu wanajeshi walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba wakitafuta wanaume. Kumpeleka hospitali? Nani angetoa mguu nje?

Kufika mchana, midomo ya Assumani ilikuwa imekuwa myeupe. Mwavita alijua saa ya kumlakinia shahada, yaani kumtamkia aifuate, imefika, mutu asiondoke bila neno la mwisho. Akamwinamia sikioni, akanong'ona. Assumani hakusikia. Akarudia, na mume wake akamtazama tu kama mutoto aliyepotea sokoni.

Akipaza sauti, wanaume wa kando watasikia. Mbaya zaidi, buti za nje zitasikia, na Kamate na Bagalwa wamekwisha. Akinyamaza, Assumani anakwenda bila neno lake. Akamgeukia Kamate pale alipolala chini nyuma ya meza ya useremala, akamweleza yote kwa kunong'ona, dhambi na buti pamoja, machozi yakimtoka.

Kamate alijiinua kwa kiwiko.

“Mama, hata ukinong'ona, mbao inasikia,” akasema. “Asubuhi zote nilikuwa nakusikia. Sikuwa nafungua radio mpaka umalize.”

Akamtazama shemeji yake. Bagalwa akapiga ishara ya msalaba, akakubali kwa kichwa.

“Mupe Papa Assumani neno lake,” Kamate akasema.

Mwavita akafungua kinywa. Sauti ilitoka na kutu, ikakwama, kisha ikanyooka, ileile ya Kasongo. Alisoma kwanza Yasini karibu kabisa na sikio la mume wake, aliyekuwa amefumba macho. Nje, buti zikasimama mlangoni. Bagalwa akauma mkono wa shati lake. Mwavita alitaka kunyamaza, haki ya Mungu alitaka, lakini hakunyamaza. Mutu mmoja nje akasema humo kuna kilio, tupite. Wakapita.

Assumani akafumbua macho.

“Kumbe ni wewe mwenye sauti hii,” akasema.

Mwavita akatamka shahada kwa nguvu. Assumani akaifuata polepole, neno kwa neno, kidole chake cha shahada kikainuka juu ya blanketi. Kisha kikashuka. Kamate akagusa shingo ya Assumani, akamwambia Mwavita kwamba imetosha, papa amekwenda.

Mwavita aliendelea kusoma kwa sauti. Buti bado zilikuwa njiani, na sasa alikuwa anaogopa kunyamaza.