Matawi ya Muvumu wa Tate

Nakumbuka siku moja ya manyunyu, nikiwa msichana wa kubeba bidoni ya maji kichwani, nilimkuta tate amekaa juu ya kisiki kibichi, pale kwenye chemchemi yetu upande wa Nyabiondo. Tate njo bibi yangu, mama ya baba. Hakukaa kupumzika. Alikalia kile kisiki ili mtoto wake Ndoole, baba yangu mudogo, asikichimbue.

Kilikuwa kisiki cha muvumu, ule mti wa utomvu mweupe ambao wazee waliupanda juu ya chemchemi ili uchunge maji. Ndoole aliukata asubuhi ile ili apande kalitusi, kwa sababu Zakaria, patron wa makala, tajiri wa kuuza makaa ya kupikia, alipita na kamyo yake ya mizigo akitafuta miti inayokua mbio.

"Mama, ondoka hapo," Ndoole alisema. "Muvumu inatupatia nini? Mbao hapana, makala yake iko moshi tu."

"Siku ulizaliwa nilikuosha na maji ya hapa," tate akamjibu. "Ningejua, ningekuacha na uchafu yako."

Wanawake wenye bidoni walicheka mpaka mmoja akamwaga maji yake. Ndoole hakucheka. Alingoja tate achoke, akachimbua kisiki, akapanda kalitusi mpaka kwenye ukingo wa maji.

Tate hakumbishia tena. Aliokota matawi yaliyobaki chini, akanibebesha mimi na dada yangu Furaha, tukayachomeka kwenye lupango, ua unaozunguka nyumba. Mwanangu, muvumu hauombi mbegu. Tawi bichi likipata udongo wenye unyevu, linatoa mizizi.

Kalitusi ilikua kweli, na ilikunywa maji kweli. Kisha Komanda Mapema akaja na watu wake wa bunduki, wakakata pori lote la juu, wakachoma makala, na Zakaria akayabeba. Chemchemi ikabaki kudondoka tone kwa tone. Tukaanza kushuka mpaka mtoni. Asubuhi moja Furaha alitangulia, na watu wa Mapema walikuwa wamekaa kwenye kivuko. Bidoni yake njo ilirudi nyumbani. Yeye, hapana.

Nataja majina kwa sababu huku kwetu watu wanapenda kusema vita njo ilituharibia. Vita haikushika shoka. Ndoole alishika. Zakaria alinunua. Mapema aliua. Sikusoma sana, darasa niliacha nikiwa mudogo, lakini hayo matatu nayajua vizuri.

Tulikimbilia Sake, tukaishi miaka chini ya hema. Niliporudi, nyumba haikuwepo. Lupango ilikuwepo. Yale matawi yetu yalikuwa yamegeuka miti, ndege wanakula matunda yake.

Ndiyo sababu mwalimu wenu aliwaleta kwangu Jumamosi hii kutafuta matawi ya kupanda kwenye chemchemi. Mliingia na kelele zenu, na jembe zinazowashinda urefu. Nikawa nakata, nampa kila mmoja. Akafika msichana mmoja, mikono mbele. Nikamuuliza, "Wewe wa nani?"

"Niko Neema, mujukuu wa Papa Ndoole."

Panga likasimama hewani. Nikamwambia, "Wewe rudi nyumbani. Babu yako alishatosha."

Nilidhani atalia. Akabaki pale pale, mikono mbele.

"Mama, babu alikata," akasema. "Mimi nilikuja kupanda. Na nyumbani kwetu pia tunachota mtoni."

Mtoni. Msichana wa umri wa Furaha, kwenye njia ya Furaha. Nilizunguka lupango mpaka kwenye muvumu ambao Furaha aliuchomeka kwa mkono wake, nikakata tawi nene kuliko yote, nikampa Neema. Sikumsamehe Ndoole. Ile ni kazi nyingine, na sijui kama nitaiweza.

Sasa sikia, mwanangu, wewe na wenzako wote. Tawi lako ulichomeke na upande wa chini ukiwa chini, ukanyage udongo vizuri, ulizungushie miiba kabla mbuzi haijalikuta. Usiende siku ya kupanda tu; rudi wakati wa jua, na maji kidogo. Kalitusi ipandwe mbali, kwenye kilima kikavu, watu wanahitaji kuni, mimi pia napika. Lakini kwenye jicho la maji, hapana, hata anayeomba akiwa baba yako mudogo. Na atakayekata, mtaje kwa jina lake, angali na shoka mkononi. Tate alifanya hivyo, na alikuwa peke yake. Ninyi muko darasa nzima.

Mungu aibariki mikono yenu yenye utomvu. Chemchemi ijae tena, mchote karibu na nyumba, na kila anayetoka na bidoni asubuhi arudi nayo mwenyewe.