Viazi Vidogo vya Mbegu

Wajukuu zangu hutupa kiazi kikiwa na doa dogo tu, na mimi huwaangalia. Hawajui kwamba kiazi kibaya kuliko vyote nilivyowahi kushika mkononi hakikuwa na doa lolote.

Nilikuwa nimeolewa Njombe, Waingereza bado wakitawala. Mama mkwe alinipa kinyungu, ile bustani ya bondeni tunayolima kiangazi udongo ukiwa bado na maji. Alinipa kwa masharti. Kikizaa, changu. Kisipozaa, kinarudi kwake ampe shemeji yangu, ambaye alikuwa anakitamani waziwazi na kila akipita lazima asimame akitazame.

Mbegu nilipewa na mama mkwe huyohuyo. Pale nyumbani kwake viazi vikubwa vilikwenda Makambako kwenye malori, vya kati tulikula, na vidogo kama gololi vilipanda darini juu ya jiko kungoja kupandwa. Ndivyo alivyofanya mama yake, na mama wa mama yake. Nikapanda. Majani yakajikunja kuelekea juu kama mtu anayekinga maji kwa kiganja, yakawa magumu, ukiyagusa yanalia kama karatasi. Nilichovuna kilijaa sufuria moja. Msimu uliofuata ikawa vilevile. Wakaanza kusema nina mkono mbaya.

Mkono mbaya. Mimi niliyelima tangu sijang'oka meno ya utoto, kwetu Ipelele.

Akapita bwana shamba, kijana Mwafrika aliyesomeshwa na serikali. Akaliangalia jani, akasema ni ugonjwa unaokaa ndani ya kiazi chenyewe.

"Mdudu?" nikamuuliza.

"Ni mdogo kuliko mdudu, mama. Hata darubini ya kawaida haimwoni."

"Sasa mlimjuaje?"

Akanieleza, na hapo alijitahidi. Wataalamu walitwanga majani yenye ugonjwa wa namna hii, wakachuja maji yake kwenye chungu chenye vitundu vidogo hata vijidudu vya kawaida vinakwama. Maji yakatoka safi. Wakayapaka kwenye jani zima, nalo likaugua. Akasema wako wa aina nyingi. Yupo anayeleta madoadoa, huyo anapita hata kwa kisu na kwa mikono. Wa kwangu, wa kukunja jani, anabebwa na vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza majani. Siku hizi wanaviita virusi. Yeye alivitaja kwa Kiingereza, sikushika.

"Kiko hai au kimekufa?"

"Kikiwa nje ya mmea ni kama kimekufa. Kikiingia ndani kinazaana."

Mama mkwe alikuwa amekaa pembeni anapukuchua mahindi. Akasema bila kuinua kichwa, "Kama mume wako, mkamwana. Akilala ni maiti, na watoto mnapata."

Bwana shamba akaangalia viatu vyake. Kisha akasema jambo ambalo lilinichoma. Mmea mgonjwa huzaa viazi vidogo. Kwa hiyo anayechagua vidogo kuwa mbegu, anachagua ugonjwa kila mwaka kwa mkono wake.

"Mama, umesikia?" nikasema.

"Nimesikia. Anataka nipande vikubwa, halafu niuze nini, majani?"

Bwana shamba aliahidi mbegu safi zitakuja kwa lori kupitia Makambako. Hazikuja. Nilipomuuliza akasema ameandika. Nikamwambia kuandika hakupandwi.

Lakini aliniachia neno moja la maana: vidukari havipendi baridi. Nikakumbuka kwetu. Ule upepo unaotoka nyanda za juu za Kitulo unaua hata kuku, na viazi vya mama yangu majani yake husimama wima. Nikafunga safari kwa miguu mpaka Ipelele, mtoto mgongoni. Mama yangu akanichagulia mbegu kutoka kwenye mashina yaliyozaa vizuri. Nikarudi nazo kichwani, shingo imekakamaa.

Sasa kwa kina mume wangu mbegu hulala darini kwa mama mkwe. Mkamwana hana dari yake wakati mama yuko hai. Nikaweka kikapu changu peke yake, nikafunga kitambaa juu, nikasema mbele ya mume wangu, "Hizi zisiguswe." Akaitikia.

Jumapili nikaenda ibadani. Niliporudi kikapu changu hakikuwepo. Palikuwa na tenga moja kubwa, na mbegu zote ndani.

"Mama, umefanya nini?"

"Mbegu ngeni hailali peke yake. Nimezichanganya zizoee nyumba. Na zako zile kubwa nimezikata, zimetosha."

Alizikata vipande sawa na vile vidogo vyake, na vyake vilivyozidi kidogo navyo akavikata, vyote akavipaka majivu. Nikatia mikono tengani, nikageuza hiki, nikageuza kile. Vyote rangi moja, vichipukizi vilevile. Kile kitu hakina harufu wala sura. Mume wangu akasema, "Panda tu, vingine vitakuwa vizima." Vingine. Na vidukari vitabeba ugonjwa kutoka kwenye kiazi kigonjwa kwenda kwenye kizima, na mwakani nitaambiwa tena mkono.

Nikateremsha tenga, nikavunja vichipukizi, nikaosha vyote, nikapika. Sufuria baada ya sufuria.

"Unapika mbegu?" mama mkwe akauliza.

"Napika ugonjwa, mama. Ukiliwa haumdhuru mtu. Karibu."

Alikula. Akamaliza, akanawa, akasema, "Kinyungu kitalimwa na shemeji yako."

Shemeji alikwenda kuomba mbegu kwa jirani. Jirani naye akampa vidogo. Nilikuwa nateka maji bondeni alipokuwa anavifukia, nikamwambia anapanda ugonjwa. Akacheka, akaniambia wivu utanizeesha.

Majani yake yalipoanza kujikunja alisema nimemroga.