Jina Ambalo Azara Hakulitaja

Sista Abiba, mkunga wa zahanati ya Zugbini, alikuwa mkali na hakuwa na simile. Mume akichelewa kumleta mkewe, alipewa vidonge vyake yeye kwanza kabla mke hajapewa kitanda. "Wewe baba mzima! Ng'ombe wako akikwama kuzaa unamkimbilia bwana mifugo siku hiyohiyo. Huyu ndiye unamngojea aive?" Watu walinuna, wengine walicheka, lakini guta la magurudumu matatu liliwashwa na mgonjwa alipelekwa. Wako wanawake wengi Zugbini wanaosonga ugali wa tizedi leo kwa sababu ya ukali ule, na anayebisha abishe.

Basi asubuhi moja jirani alikuja kumwita. Azara, mke wa Neindow mkulima wa viazi vikuu, alikuwa na uchungu tangu jana na mtoto hatoki. Abiba alichukua mkoba wake akaenda mbio, akitukana njia nzima.

Alimkuta Azara kwenye mkeka, midomo imemkauka. Kichwani pake alikuwa ameketi mama mkwe, Mma Fushina, na kibuyu cha maji mkononi, lakini yale maji hayakuwa ya kunywewa bure. Watu wa pale, uchungu ukirefuka, hawaulizi mtoto amelalaje. Wanauliza jina. Mwanamke aliyetoka nje ya ndoa, wanasema, hazai mpaka amtaje huyo mwanamume. Akimtaja, njia inafunguka. Akinyamaza, amejiua mwenyewe, na msiba wake hauna kilio.

"Sema, mwanangu," Mma Fushina alikuwa akibembeleza. "Hatutakupiga. Taja tu, unywe maji."

"Sina jina, Mma. Hata mkiniua sina."

Abiba alimnyang'anya yule mama kibuyu, akamnywesha Azara mwenyewe, kisha akafunua nguo kumpima. Mkono mdogo wa mtoto ulikuwa umetangulia nje, umevimba, umekuwa wa bluu. Aliweka kipaza chake cha mbao tumboni, akabandika sikio, na kwa mbali aliusikia moyo wa mtoto ukienda.

"Hapa hakuna cha kusukuma. Mtoto amelala mkingamo. Huyu anahitaji kisu, tena sasa hivi!"

"Mtoto amechoka kungoja," alisema Mma Fushina. "Mama yake hasemi, basi ameamua kunyoosha mkono amwonyeshe mwenyewe huyo mtu."

"Anaonyesha njia ya hospitali, Mma! Hospitali! Angeweza kuzaba kofi angeanza na wewe!"

Alitoka nje amepandwa na mori. Neindow alikuwa mlangoni pa boma na kaka zake, na guta lake limeegeshwa palepale, funguo mfukoni.

"Washa tuondoke."

"Akitaja, Sista."

"Anakufa, wewe! Unasikia lugha ya watu au nikuimbie?"

Neindow alikuwa analia. Wallahi, mtu alikuwa analia machozi, na bado hakunyanyuka. "Sista, nikimpakia na jina tumboni atafia njiani. Nitakuwa mimi ndiye niliyemuua. Mwambie ataje. Nimemsamehe tayari."

Amemsamehe! Kosa hakuna, msamaha tayari. Abiba aliwatukana mmoja mmoja, na mama zao, na shule walizokimbia. Kaka zake Neindow waliangalia chini. Kila tusi lilikula muda, na muda ndio uliokuwa unamuua Azara.

Akarudi ndani, akapiga magoti, akatega sikio kinywani mwa Azara. Azara aliomba maji tena, basi. Abiba akasimama, akatoka.

"Amenitajia," alisema. "Jina nimelisikia kwa masikio yangu haya. Nitalisema mtoto akishatoka, si kabla. Haya, washa!"

Neindow aliwasha. Mma Fushina alipiga makofi, "Si niliwaambia?" Walimlaza Azara kwenye godoro nyuma ya guta, Abiba akamfunika ule mkono mdogo kwa kitambaa kibichi. Barabara nzima Azara alimkazia macho. Abiba alidhani ni maumivu.

Hospitali walimpasua. Mtoto wa kiume, hai. Mama, hai. Abiba alikaa kwenye benchi la nje akalia kwa kwikwi, mtu mzima na viatu vyake.

Kumbe ndiyo kwanza ubaya ulikuwa umeanza. Zugbini nzima ilishangilia: jina limetoka, mtoto ametoka! Mila imethibitika kwa mkono wa sista mwenyewe. Neindow alipokuja zahanati kuuliza jina, Abiba alimcheka.

"Jina gani? Nilikudanganya ili uwashe guta, mjinga wewe."

"Usimfichie, Sista."

Abiba alikwenda hadi bomani kwa Neindow. Aliapa kwa Mungu mbele ya wazee. Alieleza mtoto alivyolala, alichora kwa kidole mavumbini, sauti ikamkauka. Mma Fushina alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu zote.

"Ulidanganya siku ile, Sista, au unadanganya leo? Maana siku ile mtoto alitoka."

Azara alirudishwa kwa baba yake na furushi lake. Binti yake mkubwa alizuiwa abaki kwa Neindow. Aliruhusiwa kuondoka na kichanga tu kwa kuwa ananyonya, kisha yule Neindow aliyekwisha kusamehe akatuma neno kwamba hatamfuata mtoto huyo, si damu yake.

Abiba alimfuata Azara kwa baba yake, anachemka. Alimkuta uani ananyonyesha. Alisimama palepale akamwaga matusi: Mma Fushina hivi, Neindow vile, wazee wasio na akili, mji mzima wa wapumbavu. Azara alimwacha mpaka pumzi ikamwishia.

"Umemaliza, Sista?"

"Bado! Watu wale..."

"Mma aliniuliza, nikakataa. Mume wangu aliniuliza kupitia ukutani, nikakataa. Nilinyimwa maji, nikakataa. Niling'ata kitenge, nikakataa. Wewe ndiye uliyekubali kwa niaba yangu."

"Ungekufa, Azara."

"Ningekufa. Najua, na nakushukuru kwa hilo, sikufanyii unafiki." Alimhamishia mtoto titi la pili. Ule mkono uliotangulia kutoka ulikuwa umenywea sasa, umekuwa mkono wa mtoto kama mikono mingine. "Lakini siku huyu atakapouliza baba yake ni nani, njoo wewe umjibu."

"Nitakuja. Wallahi nitakuja, na nitawatukana wote mbele yake!"

"Usimtukane mtu," alisema Azara. "Mjibu mtoto tu."