Vigelegele katikati ya fado

Jamani, leo roho imeniuma kwa wivu, tena mchana kweupe.

Mwenzangu wa kazini, mama wa Kireno, alitualika mimi na binti yangu Neema mkahawani. Kumbe bintiye anaimba fado, zile nyimbo za huzuni za mabibi zao.

Ana miaka kumi na tisa! Kazaliwa hapahapa Toronto!

Wangu nikimwita aje kula ananijibu Kiingereza, macho kwenye simu.

Yule binti wa Kireno akafumba macho, akaimba. Bibi yake, meza ya mbele, analia. Mimi nimenuna.

Alipoivuta sauti ikapanda juu kabisa, bila kujijua nikapiga vigelegele. Vile vya harusini kwetu Tanga.

Kumbe fado husikilizwa kimya, hata wahudumu huacha kuhudumia! Mkahawa mzima ukanigeukia. Neema akajificha nyuma ya menyu.

Wimbo ulipoisha, yule binti akaja moja kwa moja mezani kwetu. Nikajiandaa kuomba radhi.

"Anti, ile sauti unaitoaje? Nifundishe."

Kabla sijajibu, Neema akanivuta mkono. Akaninong'oneza kwa Kiswahili, jamani, Kiswahili!

"Mama, usimfundishe. Nifundishe mimi kwanza."

Hebu niambieni, huyu mtoto wivu kautoa wapi?