Ufunguo Uliofungwa kwenye Sapatu

Miaka yote niliyokaa kwenye cherehani sikunywa maji kazini, na nilijisifu kwa hilo. Naanza na hapo ili nisije nikaonekana mtu wa kulaumu wengine tu. Lawama zipo nyingi, nitazigawa, lakini fungu la kwanza nalichukua mimi mwenyewe.

Duka letu la ushonaji liko Old Kampala, katika moja ya yale majengo ya zamani ya Wahindi: chini maduka, juu vyumba vya watu, nyuma ua. Mimi ni Mnubi. Babu wa babu yangu alikuja huku na bunduki ya Waingereza kutoka Sudan, na sisi wajukuu tukabaki na cherehani, malori na vikapu. Hayo si ya leo. Ninachotaka kueleza ni kwamba choo kiko nyuma ya ua, kimoja, cha jengo zima, na mlango wake una kufuli. Ufunguo anakaa nao msimamizi wa jengo, kwenye meza yake chini ya ngazi. Ameufunga kwa kamba ya nailoni kwenye sapatu la plastiki, jekundu, la mguu wa kushoto, kubwa kama la askari. Anasema amefanya hivyo usipotee. Kabla ya sapatu kulikuwa na kipande cha ubao, na kabla ya ubao kulikuwa na msimamizi mwingine mwenye ufundi wake wa kutuaibisha.

Ukitaka kwenda haja unatoka dukani, unapita mbele ya mafundi viatu, mbele ya mafundi simu, mbele ya wachukuzi waliokalia mizigo, mpaka unafika kwenye meza. Unasema, "Naomba ufunguo." Yeye anakutazama kana kwamba umeomba mke wa pili.

"Ndogo au kubwa?"

Kwa sauti! Eti kubwa ina ndoo yake ya maji. Kisha unavuka ua mzima na lile sapatu mkononi, na wanaume wanapokezana: "Sapatu limeondoka!" "Mama, usilale huko, foleni ni ndefu!" Na wakicheka, wewe nawe unacheka kidogo, maana ukinuna ndiyo wanakushika zaidi.

Wao wenyewe hawaombi ufunguo. Wanaenda kwenye ukuta wa uchochoro, ulioandikwa kwa herufi kubwa kwamba ni marufuku kukojoa hapo, na wanakojoa juu ya herufi zenyewe. Mimi shule niliiacha darasa la nne, nasoma kwa kubabaisha, lakini yale maandishi nayaelewa. Wao wanayaelewa pia.

Basi sisi wanawake tulipata dawa yetu. Hatukunywa. Asubuhi nusu kikombe cha chai ya kusukuma mkate, mchana mafunda mawili baada ya muhogo, mdomo ukikauka unatafuna karafuu. Mama mkwe wangu ndiye aliyeniweka kwenye mashine, Mungu amrehemu, na siku ya kwanza aliniambia, "Mke wa mwanangu, nisikuone umebeba ule ubao mbele za wanaume." Sikuubeba. Wateja wakanisifu: huyu mama haondoki kwenye mashine, ukimpa nguo asubuhi jioni unavaa. Nilifurahi. Mjinga anafurahia vitu vingi.

Mtu atauliza, na msikiti? Msikiti mkubwa uko pale pale kilimani, maji yapo, vyoo vipo. Ni kweli. Lakini magoti yangu na kile kilima hayasikilizani, na tena niliona haya kupanda kwa Mungu kwa sababu ya kibofu. Nikawa nasali Adhuhuri dukani, nyuma ya pazia, nimebana. Shehe wa mtaani kwetu alisema siku moja kwamba kusali umebana haja hakupendezi. Nilimsikia vizuri. Sikubadili kitu.

Kila siku mchana kichwa kilinigonga hapa kwenye paji, nikameza vidonge. Nilidhani kichwa kinakuja na cherehani, kama mgongo. Nikifika nyumbani jioni mkojo unatoka kidogo, umekolea, unachoma. Nilidhani ndivyo wanawake tulivyo. Hakuna aliyeniuliza na sikumwambia mtu, maana ni mambo ya kumwambia nani?

Sasa nije kwa mwanangu.

Ni binti yangu, kitinda mimba. Anashona kuliko mimi. Gomesi yake, lile gauni la heshima la huku, ikikaa mabegani unadhani mwenye kuivaa alizaliwa nayo. Alipokuja kukaa kwenye mashine ya pili alikuja na chupa ya maji, kama vijana wote wa siku hizi. Nikamwambia, "Toa hiyo chupa, itamwagikia kitambaa cha watu."

Ulikuwa uongo. Kitambaa hakikuwa na shida yoyote. Nilichoogopa ni mwanangu kupita uani na sapatu. Akanitazama, akaiweka chini ya meza, na kesho yake hakuja nayo. Ni mtoto mtiifu. Laiti ningezaa mkaidi!

Akaolewa na kijana mwenye duka la kuchapisha karatasi za wanafunzi kule Wandegeya, akapata mimba, akaendelea kushona. Mimba ilipokuwa kubwa akaanza kulalamika kiuno. Nikasema, mimba hiyo. Akasema anaumwa anapokojoa. Nikasema, joto hilo, nikamchemshia majani ninayoyajua. Siku moja akainuka kutoka kwenye mashine akitetemeka, jua kali limewaka, yeye anasikia baridi. Nikasema malaria. Unaona? Nilikuwa na jibu la kila kitu, na lile jibu moja nilikuwa nimelikalia.

Mumewe akaja, tukampeleka kliniki. Nesi alikuwa msichana mdogo kuliko mwanangu, kajifunga mkanda mpana kiunoni, hana mchezo. Alimpima, akarudi na kikopo cha mkojo wake, akanisogezea mimi, akaniita bibi kwa Kiganda.

"Jajja, tazama. Hii rangi gani?"

"Ya chai," nikasema. "Isiyo na maziwa."

"Unaona. Wewe mgonjwa, nyabo, maji unakunywa kiasi gani?"

Mwanangu akasema, "Nyumbani nakunywa."

"Na kazini?"

"Kazini hatunywi."

"Nani kasema?"

Akanitazama mimi, kisha akatazama sakafu. Macho yake yalinitaja mbele ya watu wote.

Nesi hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alivuta kiti akanieleza polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga vifungo. Alisema maji yakipungua mwilini mkojo unakuwa mzito, na mtu akiubana vijidudu vinapata makao na kuzaana. Vikishazaana vinapanda juu mpaka kwenye figo. Mjamzito ndiye wa kuwekwa macho zaidi, kwa sababu tumbo limegandamiza njia. Alisema vimeshapanda, ndiyo maana ya ile homa, na homa ya namna hiyo inaweza kumtoa mtoto kabla ya siku zake. "Dawa ya kuua vijidudu nitampa mimi," akasema. "Lakini akirudi kwenye kukauka, vitarudi. Na wewe, jajja, kichwa hakikuumi mchana?"

Nikamuuliza nani kamwambia.

"Midomo yako," akasema.

Walimlaza, wakamtundikia maji kwenye mshipa. Maji! Yale niliyomkataza kwa mdomo yanaingia kwa sindano, tone, tone, na mimi nimekaa kwenye benchi nayatazama. Mkwe wangu alisimama ukutani, kofia mkononi. Akaniambia, "Mama, mimi nilidhani yeye si mtu wa kiu." Kijana mzuri. Nilitamani anipige kofi.

Hasira haikuanzia pale, pale ilikuwa hofu tu. Ilianza niliporudi dukani peke yangu, nikakaa, nikaona ile mashine ya pili imefunikwa shuka. Nesi alikuwa amesema dawa imeshika, lakini mtoto bado hajafika siku zake, wasubiri. Nami nikakumbuka kwamba mwanangu akipona atarudi kukaa pale pale, na lile sapatu litakuwa pale pale mezani. Nikawa najiuliza, hivi ni kitu gani hiki tulichokiogopa sisi, mama mkwe, mimi, mwanangu, mmoja baada ya mwingine? Jana ubao, leo plastiki. Mguu wa kushoto.

Siku iliyofuata nikachemsha maji, nikayapoza, nikaja na jerikeni ndogo na kikombe changu cha bati. Nikanywa mbele ya wateja. Mwili ulishangaa. Mwili uliozoea ukame ukiupa maji unakupeleka chooni kama mtoto mchanga. Mara ya kwanza msimamizi akanipa ufunguo. Mara ya pili akacheka, "Jajja, tena? Umemeza ziwa lote kule Ggaba?" Ua mzima ukaangua kicheko. Mara ya tatu alilichukua sapatu akalisukuma chini ya paja lake, akalikalia.

"Pumzika kidogo, jajja. Choo si cha mtu mmoja."

Nikarudi dukani. Watu walidhani nimeshindwa.

Hapa lazima niseme jambo la mkasi, maana asiye fundi hatalijua. Mkasi wa kitambaa haukati kitu kingine. Haukati karatasi, haukati uzi wa gunia, haukati kucha. Ukikata kitu kigumu makali yanakwenda, na ukirudi kwenye hariri unaitafuna badala ya kuikata. Wangu nilipewa na mama mkwe. Mwanangu akiwa mdogo alikata daftari lake la shule kwa mkasi ule, nikamchapa mkono mpaka nikajuta. Hata mume wangu alikuwa haugusi, na alikuwa mtu wa kugusa kila kitu.

Nikauchukua ule mkasi nikatoka nao.

"Inuka," nikamwambia msimamizi.

"Jajja, unataka kuniua?"

"Ningetaka kukuua nisingekuja na mkasi wa kazi. Inuka!"

Akainuka. Nikalichukua sapatu, nikaipitisha ile kamba kwenye makali, nikabana kwa mikono miwili. Nailoni haikatiki kirahisi, na ile ilikuwa imezungushwa mara nyingi. Nilisikia makali yakilia. Ikakatika. Ufunguo nikautia kifuani, sapatu nikamwekea mezani.

"Vaa," nikasema.

Fundi viatu mmoja, anayejifanya msuluhishi kila penye kelele, akasema, "Jajja, basi, yaishe."

"Yaishe nini? Mama yako anauza nyanya sokoni tangu asubuhi. Anakojolea wapi? Umewahi kumuuliza?"

Nikawaambia yote. Nikawaambia mwanangu amelala na sindano mkononi kwa sababu ya kicheko chao na ujinga wangu. Nikataja mkojo, kibofu, figo, kwa sauti ile ile ambayo msimamizi anaulizia ndogo au kubwa. Wengine waliinamia kazi zao. Mchukuzi mmoja akaondoka kabisa, kama vile kuna mtu kamwita.

Kesho yake akaja mwenye jengo, mtu wa heshima, kanzu imepigwa pasi.

"Hajati, ufunguo ni mali ya jengo."

"Na figo za mwanangu ni mali ya nani?"

Akasema wanawake wataacha choo kichafu. Yule mama wa saluni ya jirani, ambaye miaka yote hajawahi kufungua mdomo, akatoka na mikono imejaa povu: "Mzee, tangu lini umeingia humo ukakikuta kisafi?" Tukamwambia tutakiosha kwa zamu. Akakuna ndevu, akasema tutaona. Mpaka leo anaona.

Ufunguo unaning'inia kwenye msumari mlangoni kwangu, umefungwa kipande cha utepe wa kupimia. Mama wa saluni anauchukua, muuza mboga wa barazani anauchukua, hakuna anayeomba wala kuulizwa. Msimamizi hanisalimu. Mkasi una pengo, hariri naipeleka kukatiwa kwa fundi mwenzangu, na kila ninapoipeleka hasira inanipanda upya. Sijutii. Ninachojutia ni kwamba ule mkasi nilikuwa nao miaka yote ile.

Mtoto alikaa tumboni mpaka siku zake. Msichana. Wiki iliyopita mama yake alirudi kazini, kamfunga mgongoni, chupa ya maji iko juu ya meza, si chini. Tulikuwa na gomesi ya harusi, mwenyewe kaja na amesimama mbele yetu ananung'unika. Mwanangu akanywa, akashona mshono mmoja, akainuka katikati ya kazi, akachukua ufunguo akatoka. Baada ya muda akanywa tena, akainuka tena.

Nikafungua mdomo. Neno lilikuwa limeshafika ulimini, lile lile la msimamizi: "Tena?"

Nikachukua kikombe cha bati, nikakijaza, nikanywa mpaka chini bila kupumua. Mteja akauliza gomesi yake itakuwa tayari saa ngapi. Nikamwambia angoje, fundi ameenda haja.