Korongo wa Uani

Nilikosa usingizi nikijiuliza: nikitoa taarifa, mwenye nyumba si atanifukuza? Sina kazi, na vyumba vya Kahama havikamatiki. Lakini uani kwake amefungwa korongo taji aliyekatwa mbawa. Jana korongo huyo aliiinamia sura yake ndani ya ndoo yangu ya kufulia, kisha akarukaruka peke yake kama anayecheza ngoma.

Nikakumbuka mchana mmoja utotoni, bibi aliponiacha niamie ndege wasile mpunga kwenye majaruba yake. Tope lilinuka kambale na majani mabichi. Nilipiga debe, nikapiga kelele, hakuna aliyeitika. Ndipo wakatua korongo wawili wenye mataji ya dhahabu, wakainamiana, wakaruka huku mbawa zimekunjuliwa. Niliacha debe. Niliamini wameniona mpweke, wakaja kunichezea.

Bibi aliporudi nikamsimulia. Alicheka hadi akashika kiuno.

"Mjukuu wangu, wale wanachumbiana! Wewe hata hawakukuona."

Iliniuma. Sasa najua ndege hao wanatoweka, na ngoma ile ni ya wawili.

Asubuhi nilimpigia afisa wanyamapori.

"Nani mwenzangu?" akauliza.

Nikamtajia jina langu, kisha nikaanza kukunja godoro.